Sahani ya Mwisho

"Filamu yako nzuri, binti, lakini si ya Krismasi," alisema Mzee Semboja, mwenyekiti wa kamati iliyokuwa ikichagua filamu ya kuonyeshwa ukumbini sikukuu hiyo. "Theluji iko wapi? Hata kengele hakuna!"

Zipora alisikia damu ikimchemka. Krismasi iliyopita alishinda jikoni na kamera, akimfuata mama yake tangu alfajiri, leo anaambiwa habari za theluji! Madirishani, pamba ambazo kamati ilizibandika ziwe theluji zilikuwa zinabanduka kwa joto.

"Mzee, shikamoo yangu umeipata, heshima sijakuvunjia," alisema. "Ila niambie, theluji umeikanyaga lini? Kwenu Krismasi si pilau? Si nguo mpya? Si kumsubiri mtu aliyesema atakuja?"

"Kamati imeshaamua." Mzee akanyoosha mkono kwenye swichi iliyokuwa chini ya dirisha, aizime filamu iliyokuwa bado inaonyeshwa.

Kwenye skrini, mama yake Zipora alikuwa ameshawapakulia watu wote. Akapakua sahani moja zaidi, akaifunika kwa sahani nyingine, akaisogeza mwisho wa mkeka, kisha akautazama mlango.

Mkono wa mzee ulisimama.

"Anamwekea nani?"

"Si umeshasema si ya Krismasi, mzee? Izime!"

Hakuizima. Kipande cha pamba kilidondoka kutoka dirishani kikatua begani mwake, naye hakukipangusa.

"Na alikuja?" aliuliza kwa sauti ndogo, macho yake yakiwa palepale, kwenye sahani.