Damu ya Bibi Martina

Kwa mara ya pili Bibi Martina alifikishwa mlangoni pa chumba cha upasuaji, na kwa mara ya pili akarudishwa wodini na nyonga yake iliyovunjika vilevile.

"Damu bado nyepesi," alisema Daktari Shukuru. "Tena imezidi kuliko juzi."

Bibi alianguka kwake Mgeta, akishuka bondeni kuchuma majani ya kunde. Mwanawe Thobias alimfuata kwa pikapu. Huyo Thobias, tangu serikali ilegeze masharti ya biashara, alikuwa na duka la dawa Morogoro mjini, na tai ambayo hakuivua hata msibani. Pale hospitali hakungoja kuulizwa. Alitangaza mbele ya wodi nzima kwamba mama yake anatumia dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi, kwa ajili ya moyo, na kwamba yeye humpelekea ya Ulaya, si hizi za kuokoteza.

Daktari alimwambia afadhali amesema, maana mwenye dawa hiyo mwilini akipasuliwa, damu haikatiki. Mgonjwa aiache kwanza, wasubiri damu ijirudi. Akaongeza kwa utani kwamba dawa hii na sumu ya panya ni mtu na dada yake. Thobias hakucheka. Bibi alitabasamu kama mtu aliyeletewa habari anayoijua.

"Kwa hiyo vidonge basi, bibi. Umeacha?" aliuliza daktari.

"Nimeacha zamani, baba," alisema, akarudi kwenye rozari yake.

Wakasubiri. Lakini damu, badala ya kujirudi, ikazidi kuwa nyepesi kila ilipopimwa. Muuguzi Magreth alipekua mto, akapekua godoro, akafungua hata kifuko cha rozari. Hakuona kidonge. Thobias aliwashuku wauguzi kuwa wanachanganya dawa za wagonjwa. Wauguzi walimshuku Thobias kuwa anatembeza biashara yake wodini. Wakati wanashukiana, mwenye nyonga alianza kukohoa, na mgongo ukaanza kuchubuka.

Asubuhi ile ya kurudishwa mara ya pili, daktari aliwaita wote kitandani.

"Tukimpasua hivi, damu itamwua," alisema. "Tukimwacha hivi, kitanda kitamwua. Hapa kuna mtu anampa kitu."

Macho yakamwendea Hosiana, mke wa Thobias.

Hosiana alikuja kila asubuhi na chupa ya uji. Alimnywesha mkwewe huku akimwombea kwa sauti ya kufika vitanda vya mwisho, na uliobaki akaumaliza mwenyewe. Hakupenda kitu kiharibike, hasa kikiwa cha mwenzake. Siku ile ya kumfuata mgonjwa, bibi akiwa anaugulia kwenye pikapu, yeye alirudi ndani akapakia kuku, kunde, chungu na mwiko, visije vikaibwa. Wodini walimsifu kwamba mkamwana wa namna hii siku hizi hapatikani, naye hakuwapinga.

Leo hakuwa na sifa wala maombi. Alikuwa amebana kitambaa mdomoni. Tangu juzi fizi zilikuwa zikimtoka damu, na kosa alikuwa amemtwika Mhindi wa sokoni aliyemwuzia mswaki mpya kutoka ng'ambo.

"Haya, nipekueni na mimi," alisema. "Namletea mama uji mtupu. Hata sukari simtilii."

"Uji wa nini?" aliuliza daktari.

"Wa mahindi, daktari. Tena wa unga wake mwenyewe, ule aliouficha darini kule Mgeta, kwenye debe la kifuniko chekundu. Ninunue unga wa nini, na wenyewe upo?"

Kikombe kilikuwa kimeshafika midomoni mwa bibi. Akakirudisha taratibu juu ya kabati.

"Thobias mwanangu, usinikasirikie," alisema. "Vidonge vyako vyote nilikuwa navitwangia humo. Ule ni unga wa kuulia panya."

Hosiana alikitoa kitambaa mdomoni, akakitazama.