Ngao Wawili Nyumba Moja

Tangu vita vianze kupiganwa kwa kanuni za mchezo wa mezani, kila kijana akishakuwa mtu mzima huenda kurusha dadu na kupewa fani yake. Mashavu alikuwa Ngao. Kila jeraha alilolipata mumewe Shekue, aliyekuwa Mkuki, lilitua mwilini mwa Mashavu, hata akiwa jikoni anasonga ugali.

Siku hiyo binti yao Tunu alirudi kutoka kwenye dadu, uso mtulivu, akamkuta mama yake jikoni akisonga ugali.

"Nimepata namba ya juu, mama. Wameniachia nichague."

"Ukachagua Mganga?"

"Mganga anatibu mara moja tu kwa siku. Baba hupigwa zaidi ya hapo. Nimechagua Ngao."

Mashavu aliijua kanuni: penye Ngao wawili, jeraha humwendea mwenye uhai mwingi. Wake ulikuwa umebaki kidogo.

Akamkimbilia Shekue, aliyekuwa akifunga viatu mlangoni.

"Baba Tunu, nakusihi, leo usiende."

"Zamu ikifika haikataliwi. Unajua." Akatoka bila kumtazama binti yake.

Mashavu alirudi jikoni, ambako Tunu alikuwa ameupokea mwiko na kuendelea kusonga. Akasimama mbele yake, akiukabili mlango, akajishika mbavu na kuomba maumivu yamjie yeye kama siku zote. Parapanda ya vita ikalia upande wa mtoni. Hakusikia chochote mwilini.

Nyuma yake, Tunu aliuweka mwiko chini taratibu.

"Si kubwa, mama," alisema. "Usigeuke kwanza."