Kifua cha Mjukuu

Mtoto alikuwa anakataa chupa. Bubu alimgusisha tena chuchu ya mpira mdomoni. Mtoto akanyonya kidogo, akaiachia, akahema kama mtu aliyetoka kukimbia.

"Mfungue kifua nione," Bibi alisema kutoka kitandani. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi. Hata kifungo cha gauni lake kilimshinda.

Bubu aliinua kifulana. Kila mara mtoto alipovuta hewa, ngozi ya chini ya mbavu ilibonyea ndani. Puani kulikuwa na mluzi. Bubu alitazama tu. Hakuogopa. Siku hizi haogopi kitu, hafurahii kitu, hata chumvi kwenye chakula haisikii.

Jina la Bubu walimpachika watoto wa jirani. Tangu ule msiba, alikuwa anakuja kila asubuhi, anapiga hodi, anafua nepi, anachemsha chupa, na jioni anaondoka bila kuaga. Bibi naye aliijibu hodi yake kwa neno moja: "Ingia." "Karibu" hakumwambia hata siku moja.

"Huyu si wa kukaa naye nyumbani," Bibi alisema. "Twende."

Jirani mwenye teksi alileta gari mlangoni. Bubu alimketisha Bibi nyuma, akamfunga mtoto kifuani kwa Bibi kwa shuka, akakaza fundo, akafunga mlango.

"Basi panda mbele, twende," jirani alimwambia.

Bubu alitikisa kichwa.

"Bado tu hupandi gari, ndugu yangu?"

"Bado."

Miguu ndiyo iliyokataa. Aliwafuata mbio, kwa miguu hiyo hiyo, akafika hospitali shati limegandana na mgongo.

Walimkuta nesi mnene, mchangamfu, mwenye mikono myepesi. Alimwekea mtoto mpira wa oksijeni puani kabla hata hajamaliza kuwasalimu.

"Ndiyo mara yake ya kwanza kuumwa?"

"Ndiyo," Bubu alisema.

"Ni kirusi cha mafua, kimemshuka kifuani. Hakina dawa ya kukiua. Kazi yetu ni kumsaidia apumue mpaka kipite. Wewe mdondoshee maji ya chumvi puani, mnyonye kamasi kwa hiki kipira, maziwa mpe kidogo kidogo. Sawa, baba?"

Bubu alitazama sakafu. "Sawa."

"Na mama yake?"

"Alifariki. Ajali ya barabarani."

"Jamani. Poleni sana."

Bibi aligeuza uso ukutani.

Wodini siku hazikuwa na tofauti. Bubu alidondosha, akavuta kamasi, akamlisha, akambadilisha nepi, akaanza upya. Mtoto akilia, alimpakata akatembea naye mpaka mpira wa oksijeni ulipoishia, akageuka. Nesi alipomwambia akanyooshe mgongo kidogo, aliketi sakafuni, mkono mmoja umeshika nguzo ya kitanda. Bibi alimtazama tu kutoka kwenye kiti chake. Ila mchana mmoja alisukuma kwa kiwiko nusu ya mkate wake hadi ukingoni mwa meza, upande wa Bubu. Bubu akaula. Haukuwa na ladha.

Kisha mbavu ziliacha kubonyea. Mtoto alimaliza chupa nzima, akacheua kwenye shati la Bubu, akalala fofofo. Bubu alibaki na shati lake bichi, hakulifuta.

Walipopewa ruhusa ya kwenda nyumbani, nesi aliwasindikiza hadi mlango wa wodi.

"Mama, wewe una mkwe," alimwambia Bibi. "Wanaume nimewaona humu, wengi wanachungulia tu na kuondoka. Mjukuu wako kafiwa na mama, lakini baba anaye, tena baba hasa."

Bubu alisimama kama aliyepigiliwa misumari, mtoto begani.

"Mfunike kichwa, nje kuna upepo," Bibi alimwambia.

Alingoja mpaka mtoto alipofunikwa vizuri, ndipo akamgeukia nesi. "Baba yake alikufa na mama yake, kwenye pikipiki moja. Huyu ndiye aliyewagonga."