Jina Nililokuwa Naliruka

Kila alfajiri, kabla sijawasha jiko la vitumbua hapa Mbagala, nasoma Biblia kidogo, kisha nasali kwa sauti. Dirisha naliacha wazi, maana chumba kina joto.

Tangu nimkimbie mume wangu, nawaombea watu wote isipokuwa yeye. Nikikaribia jina lake tu, kovu la mafuta ya moto aliyonimwagia mkononi huanza kuniwasha, nami naliruka.

Leo somo lilihusu kuwaombea wanaotutesa. Nilifunga kitabu, nikakifungua tena. Hamna namna. Nikapiga magoti, nikalishika lile kovu lililokunjamana kama utando wa maziwa.

"Baba wa mbinguni, na Adelard pia. Msamehe. Hata mie nimemsamehe."

Mwili ukawa mwepesi, kama niliyetua ndoo ya maji kichwani.

"Amina," ikaitika sauti ya kiume nje ya dirisha.

Sikufumbua macho.

"Kila siku nasimama hapa, nakusikia unawaombea wote, mie unaniruka," akasema taratibu. "Leo umenitaja. Haya, mke wangu, nifungulie."

Kovu likaanza kuniwasha. Kitasa kikazunguka.

Mwenyewe nilikuwa bado sijasema amina.