Darubini ya Bei Rahisi

Ndani ya darubini ya kwanza, mke wa Hollis alikuwa kulungu.

Darla alitazama tena. Kule mwisho wa malisho, nyuma ya duka la bunduki, doa jeupe refu lilikuwa likisogea taratibu, na doa jingine dogo likilifuata ubavuni. Jua lilikuwa limeshazama. Darubini hiyo ya bunduki ilionyesha joto la mwili tu; nyasi zote ndani ya kioo zilikuwa nyeusi kama masizi.

"Unaona nini?" aliuliza Hollis, mwenye duka.

"Kulungu na mtoto wake."

Mzee alicheka mpaka kijiti cha meno kikamdondoka. "Huyo ni Verna wangu, anaenda kufungia kuku. Huyo mtoto ni mbwa. Ningemwambia ulivyomwita, lakini usiku huu nataka kula."

Akampa ya pili, ya bei kubwa. Ndani ya hiyo Verna akarudi kuwa Verna: ndoo, kiwiko, hata mkono aliokuwa akiufuta kwenye sketi. Darla aliishusha upesi, kana kwamba imemchoma.

"Umeona? Ile rahisi inakwambia kuna kitu chenye joto. Hii inakwambia ni kitu gani. Watu wanasoma kwenye boksi kwamba inaona mbali, wanadhani basi, wamemaliza."

"Sasa mwenye ile rahisi anajuaje apige nini?"

"Kwa umbo. Kifupi, kinene kama gunia la viazi, kimeinamia ardhi, huyo nguruwe mwitu. Mtwange usiku wowote, sheria ya Texas haina habari naye. Kirefu kilichosimama, achana nacho. Ni kulungu, na kulungu hapigwi usiku. Mumeo Royce analijua hilo kuliko mimi."

Kaunti nzima ilijua. Mwaka juzi askari wa wanyamapori alimkuta Royce na kulungu jike nyuma ya gari, akamchukulia bunduki zote. Alirudishiwa kwa onyo kwamba safari nyingine hazirudi. Royce hakuwahi kumlilia mtu, lakini zile bunduki alizililia.

"Na mtu je?" Darla aliuliza. "Mimi ndiye humpelekea kahawa kule dunguni. Nitaonekanaje kutoka ng'ambo ya shamba?"

Hollis akaacha kucheka. "Ndiyo maana nakwambia chukua hii nzuri, mwanangu. Hela utaleta kidogo kidogo. Sitaki nije nikuletee maua umelala kwenye sanduku."

Darla aligeuza kibandiko cha bei. Royce alikuwa amemwambia asizidishe dola mia tano, asichelewe, na mtoto wao Josie abaki nyumbani. Kila Darla alipotoka, Josie alibaki nyumbani. Nguruwe walikuwa wamefukua nusu ya karanga, na sasa Royce alipanda dunguni kila jioni, bunduki mapajani. Kutoka pale juu aliona njia ya nyumba na lango, na shamba lote mpaka kijitoni.

"Nikiipata hiyo darubini," alikuwa amesema, "hakuna kitakachopita hapa nisikijue." Alisema hivyo akimtazama mkewe, wala si shamba. Kisha akaongeza, "Na ukiniletea takataka, utanitambua."

"Nipe ile ya kwanza," Darla alisema.

"Ile iliyompa mke wangu kwato?"

"Hiyohiyo."

"Dada, sikiliza. Mimi nimewinda kwenu. Kutoka dunguni mpaka kijitoni ni mbali kuliko hapa na pale kwa kuku. Hataona kitu ila madoa."

"Najua," alisema Darla, akifungua pochi.

Nyumbani Royce alilichana boksi, karatasi ya maelezo akaitupa kwenye takataka bila kuikunjua. Aliuliza bei mara mbili, akatikisa kichwa. "Leo angalau umetumia akili," alisema, akapanda nayo dunguni.

Asubuhi alikuwa na furaha. Alikula mkate na mchuzi mweupe wa maziwa, akaongeza sahani ya pili, huku viatu vya shamba vya Darla, vilivyolowa usiku, vikikauka nyuma ya jiko.

"Nguruwe wawili nimeangusha," alisema. "Walikuwa wanajikokota chini kwa chini kwenye karanga, wanadhani siwaoni. Halafu kukawa na kulungu kule kijitoni. Mrefu, kasimama tu kama ananicheka."

"Ukamfanyaje?"

"Nimfanyeje? Nimemwacha. Simtaki tena yule mwehu wa wanyamapori hapa kwangu." Akapiga kijiko mezani. "Siku hizi mimi mtu mwema, hujui?"

Darla akammiminia kahawa nyingine.

Jioni hiyo alimsikia akipanda ngazi za dungu, moja moja, kisha kimya. Alingoja mpaka giza likakolea. Akazima taa ya jikoni, akapiga magoti, akamfunga Josie kamba za viatu.

"Mama mdogo Netta ameshafika?" mtoto alinong'ona.

"Yuko ng'ambo ya kijito na gari. Tutapita kwenye karanga. Hatukimbii, na mkono wangu usiuachie."

Josie alifikiri kidogo. Kisha akachuchumaa, akainama mpaka kidevu kikagusa magoti, kama wanavyofanya watoto wakicheza kujificha. "Nitaenda hivi," alisema, "ili baba asinione."

Darla alimnyanyua kwa mabega yote mawili.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Simama. Simama urefu wako wote."