Nungunungu na Karata Moja Zaidi

Panyabuku mnene alichezesha karata za ishirini na moja, na anayezidi hesabu hiyo ameliwa. Shemeji yake, Nungunungu asiyejua kutosheka, aliweka dau miiba yake. Hata akifika kumi na tisa alisema, "Ongeza." Kila mara alizidi, akang'olewa mwiba.

"Nenda nyumbani, shemeji," alisema Panyabuku akinyofoa wa mwisho.

"Nilikaribia, bwana."

Ghafla Chui akaingia. Panyabuku akajibanza nyuma ya Nungunungu, kama walivyozoea wanyama wote wadogo.

"Mtishe, shemeji!"

"Kwa miiba ipi? Si umeing'oa yote?"

Chui alianza na aliyenona. Mlango ulikuwa wazi, lakini Nungunungu hakukimbia. Alikuwa ameinama mezani, akifunua karata ambayo ingefuata.