Kikombe cha Asubuhi

Luciana alibana pua, akakimaliza kikombe cha dawa ya mizizi kwa mkupuo mmoja. Uchungu ulimpanda mpaka masikioni. Akamwaga masalia nyuma ya jiko, akasuuza sufuria haraka kabla mumewe, Gasto, hajatoka ndani.

Mwaka wa pili huu. Kila asubuhi kikombe, na tumbo liko vilevile.

Mizizi hiyo alipewa na mama mkwe wake, Emiliana, aliyeichimba mwenyewe kwenye msitu wa Mgori. Siku ile mama alimkabidhi kifurushi huku akitazama pembeni. Mambo ya chumbani mtu haongei na mkwewe.

"Inazuia sumu ya bomba," alisema. "Ile sumu inaua uzazi. Chemsha alfajiri, kabla Gasto hajaenda kupiga dawa. Na asijue."

Luciana alielewa. Gasto alibeba bomba mgongoni, akipiga dawa vitunguu vya nusu ya kijiji. Alirudi nguo zimelowa sumu, na anayezifua kwa mikono ni nani? Ni yeye.

Basi akanywa. Akitapika, anachemsha upya, anakunywa.

Kisimani wifi yake, Jenipher, hakumwacha. "Wifi yangu, kichwani ndoo, mgongoni upepo. Hiyo mbeleko uliyopewa harusini unafungia kuni?"

Wanawake wakacheka. Luciana akajitwisha ndoo yake, akaondoka. Njiani maji yalimmwagikia usoni, akayaacha yatiririke.

Jumapili, baada ya ibada, wazee wa ukoo walikaa. Wakakata neno: vitunguu vikishang'olewa, Gasto aoe mwingine. Gasto alitazama viatu vyake.

Jioni mama Emiliana alimfuata jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akakaa kwenye kigoda, akajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Mama, sijaruka hata siku moja," Luciana alisema. "Hata nilipokuwa na malaria niliamka nikachemsha. Sasa kosa langu liko wapi?"

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nashangaa." Mama alichungulia mlangoni, akashusha sauti. "Mimi baba yake Gasto nilimwekea kwenye uji, hakujua mpaka anazikwa. Wewe Gasto unamwekea kwenye nini?"